Chokleti ya shangazi kutoka Toronto, mbona haipatikani hata nchi jirani?

Swali: "Dada shikamoo. Mi niko Lindi mjini, Mtanda. Shangazi yangu anaishi Toronto, mwezi wa kumi na mbili alikuja kwenye harusi akaleta chokleti inaitwa Coffee Crisp, karatasi yake ya njano. Sijawahi kula kitu kama kile. Zilikuwa sita, nne zimefika zimeyeyuka na kujikunja, mbili tu ndo zilikuwa nzima. Nimetafuta Lindi hamna, nimemtuma mtu Mtwara hamna, Dar kaambiwa hawaijui. Nina rafiki yuko Marekani, jirani kabisa na Kanada, nae kaenda dukani kaikosa. Inakuwaje chokleti ya kampuni kubwa vile isipatikane? Naweza kuipata ikafika Lindi haijawa uji? Na kama haiwezekani, kuna ya kufanana nayo?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha sana manake hiyo Coffee Crisp naijua, nimeila mara tatu maishani mwangu na mara zote tatu nimeilia hapahapa Mtwara. Nianze na jibu lenyewe: huipati kwa sababu ile ni chokleti ya Kanada. Kampuni yake ni ya dunia nzima lakini chokleti yenyewe ni ya Kanada, na hivi ni vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya, wanaona jina kubwa kwenye karatasi wanajua basi hii itakuwepo kila mahali kama soda.

Nimejuaje haya. Miaka ile ya gesi, 2012, 2013 hivi, Mtwara ilijaa wageni, wachimbaji, mafundi wa meli, watu wa mabomba, na mimi nilikuwa msaidizi wa jikoni kwenye nyumba moja waliyokuwa wanafikia. Wale watu walikuwa wanafanya kazi wiki nne alafu wanaenda kwao wiki nne, na kila aliyekuwa anarudi alikuwa anarudi na chokleti ya kwao. Sio moja, begi. Anazipanga kwenye friji ya jikoni anaandika jina lake kwa kalamu. Muingereza na zake, Mnorwei na zake, Muaustralia, Msauzi, na kulikuwa na Mkanada mmoja mwenye hizo za karatasi ya njano. Mimi nikawa naona ajabu, mbona mtu anasafiri siku mbili na chokleti wakati Dar zipo? Wakaanza kunionjesha mmoja mmoja, na kila mmoja anakwambia ya kwao ndo chokleti, nyingine zote ni pipi. Hapo ndo nilipoanza kusoma hii kitu, nikaenda Dar kujifunza, na sa hivi ni mwaka wa nane natengeneza chokleti za korosho na keki hapa Shangani.

Sasa Coffee Crisp yako. Asili yake ni Rowntree, kiwanda cha zamani cha mji wa York kule Uingereza, haohao waliotoa Kit Kat mwaka 1935, na mwanzo hata haikuitwa Kit Kat, iliitwa Chocolate Crisp, hilo jina jipya likaja 1937. Coffee Crisp ni ndugu yake, ilitokea Kanada kwenye miaka ya 1930 hiyohiyo, weifa za vanila zimepangwa tabaka kwa tabaka, katikati krimu nyepesi ya kahawa, juu chokleti ya maziwa. Mwaka 1988 Nestlé wakainunua Rowntree nzima nzima, ndo maana shangazi yako akikuletea leo unasoma Nestlé. Na inatengenezwa Toronto mjini, kiwanda kiko mtaa wa Sterling Road, kwa hiyo shangazi ananunua kitu kilichotoka kiwandani mjini kwake, hakijavuka hata mto.

Rafiki yako wa Marekani kaikosa na ana haki ya kuikosa. Nestlé walijaribu kuiuza Marekani mwaka 2006, haikukaa, baada ya miaka michache wakaitoa. Biashara ya chokleti ujue ni biashara ya shelfu. Pale karibu na keshia pana nafasi chache, na kila nafasi kuna mtu kailipia au kaipigania, sasa wewe unakuja na chokleti ambayo Mmarekani hajakua nayo, hajanunuliwa na bibi yake akiwa mdogo, unashindana na zile alizokua nazo. Ni kazi. Alafu mwaka 2018 Nestlé wakauza biashara yao yote ya pipi na chokleti ya Marekani kwa Ferrero, wale wa Nutella, wakabaki na nchi nyingine. Kwa hiyo leo hakuna hata mtu pale Marekani wa kumuuliza mbona hamleti. Mwambie rafiki yako aangalie maduka yanayouza vitu vya nje au aagize mtandaoni, dukani kwa kawaida asihangaike.

Hapohapo kuna jambo lingine linachanganya watu kuliko hili la kukosekana, nalo ni kuipata alafu sio yenyewe. Kit Kat ni mfano mzuri. Rowntree kabla hawajanunuliwa walishawapa Hershey, kampuni ya chokleti ya Marekani, leseni ya kuitengeneza kule, toka 1970, na Nestlé walipokuja kununua waliikuta hiyo leseni wakashindwa kuivunja. Mpaka leo Kit Kat ya Marekani inatengenezwa na Hershey na Kit Kat ya sehemu nyingine zote ni ya Nestlé, jina moja, vidole vinne vilevile, chokleti tofauti kabisa. Ukienda Japani ndo utachoka, wametoa ladha zaidi ya 300, chai ya kijani, viazi vitamu, hata wasabi, na wanafunzi wanapeana wakati wa mitihani kwa sababu jina likitamkwa kijapani linakaribia maneno yanayomaanisha utashinda kwa hakika.

Milky Way nayo. Mmarekani akisema Milky Way, ya 1923 hiyo, anamaanisha ina karamel ndani. Akija Ulaya akinunua Milky Way anakuta haina karamel, anadhani kauziwa feki. Ile anayoitafuta yeye Ulaya inaitwa Mars, manake mtoto wa mwenye kampuni aligombana na baba yake akahamia Uingereza, akafungua kiwanda Slough mwaka 1932 akaitengeneza kwa jina la ukoo wao. Na Smarties, ambazo kwingine ni chokleti, za Marekani ni vidonge vya sukari, hazina chokleti hata chembe. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimeiona Dar", muulize imetengenezwa nchi gani. Geuza nyuma, soma maandishi madogo. Jina la mbele linakwambia nani anauza, maandishi ya nyuma ndo yanakwambia unakula nini.

Kwa nini sasa zitofautiane hivyo wakati wote wananunua kakao ileile, zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Kodivaa na Ghana tu? Ni maziwa. Hili mtu haelewi mpaka aonje mbili kwa pamoja.

Waingereza, Cadbury hasa, toka Dairy Milk ya 1905 na kuendelea, wana namna yao. Maziwa yanapikwa na sukari mpaka yanakuwa mazito, yanachanganywa na kakao, alafu mchanganyiko unakaushwa unakuwa kama chenga za mkate mkavu, hizo chenga ndo zinaenda kutengeneza chokleti. Ukishawahi kuchemsha maziwa na sukari kwa ajili ya kashata yakaanza kubadilika rangi, ile harufu inayotoka pale, ile ndo iko ndani ya chokleti ya Muingereza. Waswisi, ambao Daniel Peter wao alianza na chokleti ya maziwa kule Vevey mwaka 1875, na wengi wa Ulaya wanatumia maziwa ya unga moja kwa moja, ladha inakuwa safi, ya maziwa mabichi zaidi. Chokleti ya Hershey ina kauchachu fulani kwa mbali, mafuta ya maziwa yanakuwa yamevunjwavunjwa kidogo wakati wa kutengeneza, Mmarekani aliyekua nayo anaona ndo utamu wenyewe, Muingereza akionja anaitema. Nimeshuhudia kwa macho yangu jikoni, watu wazima na madevu yao wanabishana kuhusu kipande cha chokleti mpaka chakula kinapoa mezani.

Na sheria zinaongezea. Marekani ili uiite chokleti ya maziwa inatosha kuwa na asilimia 10 ya kakao iliyosagwa, Ulaya wanataka asilimia 25 ya kakao yote kwa jumla, Uingereza wao wameruhusiwa 20. Ulaya walishindana karibu miaka 30 kuhusu Waingereza kuweka mafuta mengine ya mimea badala ya mafuta ya kakao, Wabelgiji na Wafaransa wakisema hiyo sio chokleti, mpaka sheria ya mwaka 2000 ikakata mzizi wa fitina ikaruhusu isizidi asilimia 5. Marekani kuna na sheria ya 1938 inakataza kuweka kitu kisicholiwa ndani ya pipi, ndo maana lile yai la Kinder lenye mwanasesere ndani haliuzwi kule mpaka leo, walipelekewa Kinder Joy ambayo imegawanywa upande chakula upande mchezo. Na Dairy Milk ya Marekani anatengeneza Hershey kwa leseni ya 1988. Mwaka 2015 Hershey waliwabana waagizaji mahakamani wakakubaliana waache kuingiza ile iliyotengenezwa Uingereza, Waingereza wanaoishi kule walilalamika sana. Kwa hiyo wakati mwingine chokleti haifiki sehemu sio kwa sababu hakuna wateja, mwenye jina la sehemu hiyo hataki ifike.

Ngoja nikwambie kuhusu Wanorwei, manake hawa ndo walionifundisha zaidi.

Wana chokleti inaitwa Kvikk Lunsj, toka 1937, ya kampuni ya Freia. Ukiiona utasema Kit Kat, vidole vinne, weifa ndani, chokleti ya maziwa juu, karatasi ina mistari nyekundu, njano na kijani. Ukimwambia Mnorwei ni Kit Kat anaumia moyoni kabisa. Ile kwao ni chokleti ya mlimani, unaibeba kwenye mkoba ukienda kutembea kwenye theluji, hasa Pasaka, na inaliwa na chungwa, ndo desturi. Ndani ya karatasi wanachapa kanuni za usalama wa mlimani, usiende kabla hujaangalia hali ya hewa, mwambie mtu unapokwenda, geuka mapema hakuna aibu kurudi. Fikiria, kanuni za kujiokoa kwenye theluji ndani ya karatasi ya chokleti.

Sasa Pasaka moja, mimi niko zamu, joto la Mtwara si unalijua baada ya mvua, unyevu umekaa hewani kama shuka bichi. Mnorwei mmoja mtu mzima akatoa Kvikk Lunsj kwenye friji, akaniomba chungwa, akaenda kukaa barazani anaangalia bahari. Akamenya chungwa taratibu, akavunja kidole kimoja, chokleti inaanza kulainika mkononi anajilamba vidole, macho yake yako mbali kabisa. Nikamuuliza unawaza nini, akasema sa hizi mke wangu na wanangu wako mlimani wanakula hiihii. Hakusema kingine. Mimi toka siku hiyo nikajua kwa nini mtu anabeba begi la chokleti, na nikaacha kuuliza.

(Kwa wanaopenda mambo ya mahakama, Nestlé walitaka kuhodhi lile umbo la vidole vinne Ulaya nzima, kesi ikaenda miaka mingi, na 2018 mahakama kuu ya Ulaya ikawakatalia, na Kvikk Lunsj ilitajwatajwa sana kwenye habari za kesi hiyo.)

Wasauzi nao walikuwa na Peppermint Crisp, ndani ina vijiti vya kijani vya minti vinavyovunjika kama kioo, wao wanaisagasaga wanachanganya na krimu, karamel na biskuti wanapata kitindamlo ambacho kila familia ya kule inakijua. Wakanifundisha, na mpaka leo nakitengeneza kwa oda nikipata hizo chokleti. Kwa sisi watu wa kusini hizi ndo za karibu kidogo, ukiwa na ndugu anayekwenda Johannesburg muagize. Waaustralia wana Cherry Ripe ya 1924, ndani nazi na cheri, nazi tupu jamani, mtu wa Mikindani akiila ataona kama kashata imevaa koti. Na wana Violet Crumble ya 1913, ile ni sukari iliyopikwa ikafurishwa ikawa na matundu kama sega la nyuki. Hiyo usiiagize Lindi. Ukishafungua tu unyevu wa huku unaingia kwenye yale matundu, baada ya saa moja inakuwa inanata kama gundi.

Na kwa wanaoniuliza kila wiki kuhusu ile ya Dubai, yenye pistachio na tambi za kunafa ndani: iliyoanzisha ni Fix, kampuni ya Dubai iliyoanza 2021, video moja ya mwishoni mwa 2023 ndo ikaipandisha dunia nzima, na wakati huo walikuwa wanauza kwa oda hukohuko. Hizo nyingine zote mnazoziona zinauzwa ni za watu wengine waliofuata. Zipo nzuri, zipo mbaya, ila sio ile.

Sasa tuje kwenye shida yako ya pili, joto, ambayo kwa maoni yangu ndo sababu kubwa kwa nini kusini hatuna chokleti za maana hata zile ambazo hazina shida ya leseni.

Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Mwili wako ni 37. Ndo uchawi wote wa chokleti, ngumu mkononi, inayeyuka mdomoni. Sasa Lindi mwezi wa kumi na moja kivulini tu unapata nyuzi 31, 32, ndani ya duka la bati mchana inapita hapo vizuri tu. Mwenye duka afanye nini? Aiweke kwenye friji ya soda, umeme ukatike, iyeyuke, urudi, igande, mteja anafungua anakuta nyeupenyeupe juu anasema imeota ukungu anarudisha. Ule sio ukungu. Ni mafuta ya kakao yaliyotoka nje yakaganda upya vibaya, haidhuru, unaweza kula, ila ile ladha ya kuyeyuka na ule mlio wa kuvunjika umeshapotea. Mwenye duka akipata hasara mara mbili haleti tena, anaamua kuleta zile ambazo hazisumbui.

Hizo zisizosumbua ndo ugeuze nyuma usome. Kama zimeandikwa mafuta ya mawese au mafuta ya mboga mwanzoni, na mafuta ya kakao hayapo au yako mwisho kabisa, ile ni pipi yenye ladha ya kakao. Haiyeyuki dukani lakini haiyeyuki na mdomoni, inakuachia utando kwenye kaakaa kama umelamba mshumaa. Siwalaumu wanaouza, ndo inayostahimili. Kutengeneza chokleti ya kweli isiyoyeyuka watu wamejaribu toka zamani, jeshi la Marekani mwaka 1937 waliwaagiza Hershey watengeneze ya askari, na kapteni aliyeagiza alitaka iwe na ladha nzuri kidogo tu kuzidi kiazi cha kuchemsha, ili askari wasiimalize kama pipi. Wakaipata, ikawa ngumu kama tofali. Ghana nao wana Golden Tree, inatengenezwa Tema, inastahimili joto kuliko za Ulaya na ladha yake ni ya kakao kweli. Ukikutana nayo nunua.

Namna ya kuifikisha Lindi. Kwanza mwezi. Shangazi aje mwezi wa sita mpaka wa nane, kipupwe, usiku kunaburudika kabisa. Desemba ulikuwa unaitafuta hasara. Kwenye ndege azibebe kwenye begi la mkononi, manake la chini linaweza kukaa juani uwanjani Dar saa nzima linasubiri. Azifunge zote kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, azungushie taulo au magazeti.

Dar mpaka Lindi ni kilomita 450 hivi, hapa ndo pagumu. Tafuta boksi la foma jipya, narudia jipya, usichukue yale yaliyobebea samaki hata yakioshwa kwa sabuni, chokleti inanyonya harufu kuliko kitu chochote jikoni, utakula Coffee Crisp yenye ladha ya nguru. Gandisha chupa mbili za maji za nusu lita, zivishe gazeti, weka pembeni zisigusane na chokleti, ziba na gundi ya karatasi. Panda basi linalotembea usiku au linaloondoka alfajiri sana, na boksi likae miguuni kwako. Buti hapana. Mimi boksi langu la kwanza la chokleti ya kupikia, kilo 5, hela niliyokopa kwenye kikundi, nilimkabidhi konda akaliweka kule nyuma karibu na injini. Lilifika Mtwara unalitikisa linacheza kama dumu la mafuta ya taa. Nililia stendi. Nilikuja kulitumia kwenye keki, halikupotea lote, lakini kuvunja vipande vya kuuza ilishindikana.

Ukifika nyumbani usifungue. Liache boksi lifungwe vilevile saa tatu nne mpaka chokleti ifikie joto la chumba, alafu ndo ufungue. Ukifungua ya baridi kwenye hewa yetu ya pwani inatoka jasho, lile jasho linayeyusha sukari ya juu, likikauka unabaki na ngozi ya chengachenga. Na ukiweka friji iweke ndani ya kopo lenye mfuniko, sehemu ya chini ya mbogamboga, sio juu karibu na barafu, na kitunguu kiondoe humo. Kama unafikiria kuleta nyingi uuze hapo Lindi, hiyo ni habari nyingine, chakula cha kutoka nje kinatakiwa kisajiliwe TBS, waone kabla hujaagiza.

Ya kufanana nayo? Ya kununua kwetu hamna, na nisikudanganye kwamba Kit Kat ukiila na kikombe cha kahawa inakuwa ileile. Lakini kutengeneza inawezekana, mimi nimeshajaribu, mara ya kwanza ilinishinda na mara ya nne ikakubali, kwa hiyo nakupa ile ya nne.

Nunua weifa za vanila za kawaida, paketi mbili, hakikisha bado zinalia ukivunja. Zifungue, kwangua krimu yake ya ndani ubaki na zile kurasa. Krimu yako ni siagi gramu 100 isiyo na chumvi, majarini hapana, sukari ya aisingi gramu 200, vanila kidogo, na kahawa ya Africafe vijiko viwili vya chai vilivyojaa. Hapa ndo nilipokosea mara tatu za mwanzo: nilikuwa naikoroga kahawa na maji ya moto kwanza. Maji ni adui wa weifa, ukiweka hata kijiko kimoja kesho yake unakula karatasi iliyolowa. Isage kahawa ikiwa kavu kwenye blenda au kinu mpaka iwe laini kama poda, uichanganye na siagi hivyohivyo kavu. Piga krimu mpaka iwe nyepesi iingie hewa, manake ile ya kwenyewe haiko nzito. Panga kurasa tano tano, krimu nyembamba katikati, weka sinia juu na kitu kizito kiasi, friji saa mbili, kata kwa kisu chenye meno.

Chokleti ya kufunika inunue ya kupikia yenye mafuta ya kakao, Dar zinapatikana, na kakao yetu wenyewe ya Kyela na Kilombero siku hizi kuna watu wanatengeneza nayo chokleti Dar, wakati huohuo kakao ya Kilombero inapanda meli inaenda mpaka San Francisco inakuwa chokleti ya bei mbaya yenye jina Tanzania kwenye karatasi. Mimi nikipata ya kwetu natumia ya kwetu. Fanya alfajiri, saa kumi na moja, kabla jua halijatoka. Yeyusha theluthi mbili juu ya mvuke mpaka nyuzi 45, toa motoni, tia ile theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa, koroga bila kuchoka mpaka ishuke nyuzi 29 au 30 kwa chokleti ya maziwa. Thamometa ni lazima, sio ghali. Hiyo ndo inayofanya mafuta ya kakao yagande vizuri, yang'ae na yavunjike kwa mlio, bila hivyo itabaki laini na itaota ule weupe wiki ileile. Chovya, panga kwenye karatasi ya kuokea, acha igande.

Haitakuwa ile ya Toronto, chokleti yao ni nyepesi na tamu zaidi na kahawa yao iko mbali, yangu kahawa inasikika. Mkanada wetu nilimtengenezea ya kwanza ile mbovu akala akashukuru kwa adabu tu. Hii ya nne hakuikuta, alishaondoka zamani, gesi ilivyopoa wakapungua wote.

Muulize shangazi kama anakuja tena mwezi wa saba. Akija mwambie na za kupeleka Toronto zipo, namtengenezea za korosho za Masasi, nazikaanga mwenyewe, naweka na chumvi kidogo ya Mtwara juu. Wewe nitumie ujumbe ukiwa unapita huku, niko Shangani, njoo asubuhi kabla jua halijachachamaa.